Barua isiyo na sababu: kisa cha ruzuku ya malezi Uholanzi

Uholanzi, mzazi anayekwenda kazini na kumwacha mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto husaidiwa na serikali kulipa ada. Kadiri kipato chake kilivyo kidogo, ndivyo ruzuku inavyokuwa kubwa. Fedha hutolewa mapema, mwezi kwa mwezi, kwa makadirio. Mwaka ukiisha hesabu zinafungwa: aliyepokea pungufu anaongezewa, aliyepokea zaidi anarudisha. Mpango huu haukuwekwa chini ya ofisi ya ustawi wa jamii. Uliwekwa chini ya Mamlaka ya Kodi, katika idara yake iliyoitwa Toeslagen.

Kwa miaka mingi, hadi 2019, idara hiyo iliwageuza wazazi zaidi ya 25,000 kuwa wadaiwa na washukiwa wa ulaghai ambao hawakuufanya. Watu walitakiwa kurudisha makumi ya maelfu ya euro. Wapo waliopoteza nyumba, wapo waliopoteza kazi, ndoa zikavunjika. Takwimu za serikali zilipokusanywa baadaye zilionyesha kuwa watoto zaidi ya 1,000 wa familia zilizokumbwa waliwahi kuondolewa majumbani kwa amri za ulinzi wa mtoto. Takwimu hizo hazisemi kwamba kila mmoja aliondolewa kwa sababu ya deni, lakini nadhani hakuna mzazi anayeweza kuisoma namba hiyo akaendelea na kazi yake kama kawaida.

Kila panapojadiliwa akili mnemba na utawala wa sheria, kisa hiki hutajwa. Mara nyingi hutajwa kwa mkato: kwamba kompyuta ya serikali iliwabagua wageni. Ni kweli, ila ni kipande cha ukweli, na kipande hicho kikisimama peke yake kinawaficha watu wengi waliohusika. Nitakifungua kisa hiki polepole, kwa sababu naamini swali lake kubwa halikuwa mashine ilikosea mara ngapi. Swali ni nani katika dola nzima aliyekuwa na wajibu wa kumwambia mzazi kwa nini, na ilikuwaje wote wakanyamaza.

Milango miwili

Mwaka 2013 habari zilitangazwa kwamba Wabulgaria walikuwa wakiletwa kwa makundi, wanasajiliwa kwenye anwani za Uholanzi, wanaombewa ruzuku, kisha wanarudi kwao. Bunge likachachamaa. Wabunge walitaka ukali, na mawaziri wakaahidi ukali. Kikaundwa kikosi cha kuwasaka waliodhaniwa kuwa mawakala wa ulaghai, kikafahamika kwa kifupi cha CAF.

Kikosi hicho hakikuanza na mzazi mmoja mmoja. Kilianza na kituo au wakala wa malezi. Wakala akishashukiwa, wateja wake wote wanashukiwa pamoja naye. Kesi inayojulikana kuliko zote ni ya wakala mmoja wa mjini Eindhoven, iliyopewa jina la CAF 11. Mwaka 2014 ruzuku za mamia ya wazazi waliokuwa kwake zilisimamishwa kwanza, ushahidi ukaombwa baadaye. Wengi wao walikuwa na asili ya nje ya Uholanzi. Wakatuma mikataba, risiti, taarifa za benki. Wakajibiwa kuwa vielelezo havitoshi. Kielelezo kipi kimekosekana? Hawakuambiwa. Wakatuma tena vilevile, wakajibiwa vilevile.

Huo ni mlango wa kwanza, na ulifunguliwa na binadamu bila msaada wa programu yoyote ya kujifunza. Nausisitiza kwa sababu ukisahauliwa, mtu anaweza kudhani kuwa kuzima kompyuta kungemaliza tatizo.

Mlango wa pili ndio wa mashine. Mwaka huohuo wa 2013 idara ilianza kutumia mfumo wa kupima hatari ya maombi ya ruzuku. Mfumo ulifundishwa kwa maombi ya zamani: haya yalikuwa sahihi, haya yalikuwa na kasoro. Kutokana na hayo ukajitafutia wenyewe mfanano, ukawa unayapa maombi alama kati ya 0 na 1. Yaliyopata alama za juu yalichomolewa na kupelekwa kwa ofisa ayakague kwa mkono. Miongoni mwa vigezo vyake kimoja kiliuliza: mwombaji ni raia wa Uholanzi, au siye?

Ofisa aliyepelekewa faili hakuelezwa kwa nini lina alama ya juu. Hapa ndipo kisa kinapoelemea zaidi kuliko penginepo. Jiweke kwenye kiti chake. Mezani kuna faili ambalo mfumo wa ofisi yako umelitoa katikati ya mengine mengi kwa sababu lina hatari kubwa. Hujui hatari iko ukurasa gani. Bunge linataka walaghai, mkuu wako anataka matokeo. Utatafuta mpaka upate, na kwa mzazi mwenye kipato cha kubahatisha, saa za kazi zinazobadilika na mtoto aliyehama kituo katikati ya mwaka, utapata tu: saini haipo hapa, tarehe imepishana pale, mchango wa mzazi mwenyewe kwenye ada ya mwezi mmoja hauna risiti. Akaguliwaye zaidi ndiye aonekanaye na makosa zaidi. Na mfumo unaojifunza kutokana na makosa yaliyopatikana utazidi kumrudia huyohuyo.

Watetezi wa mifumo hii husema uamuzi wa mwisho ulikuwa wa binadamu. Sikubaliani nao. Binadamu asiyejua sababu ya kushuku hawezi kuupima ule ushuku, anaweza kuubeba tu. Kuwepo kwake kwenye kiti hakukuwa ulinzi kwa mzazi.

Julai 2020 mamlaka ya Uholanzi ya ulinzi wa taarifa binafsi, Autoriteit Persoonsgegevens, ilimaliza uchunguzi wake. Ikasema wazi kuwa kutumia uraia kwenye mfumo wa kupima hatari kulikuwa ni kinyume cha sheria na ni ubaguzi. Kulikuwa na mengine: data za uraia wa pili wa watu zilizohifadhiwa bila haja, na uraia uliotumika kusaka makundi. Mfano mmoja unawahusu Waghana. Watu kati ya 120 na 150 wenye uraia wa Ghana walishukiwa, na idara ikaenda kuchungua waombaji wote wenye uraia huo, watu 6,047. Desemba 2021 mamlaka hiyo ilitoza faini ya euro milioni 2.75. Mwaka uliofuata ikaja faini nyingine ya euro milioni 3.7 kwa ajili ya orodha ya siri ya washukiwa, FSV, iliyokuwa na majina ya watu zaidi ya 200,000 ambao hawakuwahi kuambiwa kuwa wameandikwa humo. Faini zote mbili zililipwa na serikali kwa serikali. Sheria haikuwa na njia nyingine, lakini ni vizuri kulitaja jambo hilo kama lilivyo.

Yote au sifuri

Ukishaingia kwa mlango wowote kati ya ile miwili, ulikuwa kwenye ukumbi mmoja. Idara iliisoma sheria ya ruzuku ya 2005, hasa kifungu chake cha 26, kwa namna hii: mzazi asipoweza kuthibitisha kuwa alilipa mchango wake wote, hastahili kitu, na arudishe ruzuku ya mwaka mzima.

Tuufanye mfano, namba ni zangu. Mzazi amepokea euro 15,000 kwa mwaka. Mchango wake ulikuwa euro 2,000. Ana risiti za euro 1,700. Akili ya kawaida inasema tatizo ni la euro 300. Idara ilisema deni ni euro 15,000. Likigawanywa kwa miezi 24, ambao ndio ulikuwa muda wa kawaida wa kulipa, ni euro 625 kila mwezi, kwa familia iliyopewa ruzuku kwa sababu kipato chake hakitoshi. Na aliyebandikwa jina la mwenye kusudi au uzembe mkubwa alinyimwa hata nafasi ya kupangiwa malipo kulingana na uwezo wake. Jina hilo halikuhitaji hukumu ya mahakama. Lilibandikwa ofisini.

Angalia jinsi vitu hivi viwili vinavyoshikana. Mashine yenye upendeleo, ikiwa imewekwa mbele ya sheria yenye huruma, ingewasumbua watu isivyo haki: wangekaguliwa, wangeudhika, wangerudisha euro 300, wangelalamika. Sheria kali bila mashine ingewaumiza wachache waliobahatika kukaguliwa. Vilipowekwa pamoja, kimoja kilichagua na kingine kikaponda, na kila upande ukaweza kusema wenyewe haukuamua. Mfumo ulipanga alama tu. Ofisa alifuata sheria tu. Bunge lilitunga sheria ya jumla, halikumjua mzazi yeyote kwa jina.

Jaji naye

Utawala wa sheria una jibu la zamani kwa hali kama hii, nalo ni jaji. Serikali ikikuonea, unakwenda mahakamani, serikali inaeleza sababu, na mtu asiye upande wowote anapima.

Wazazi walikwenda. Baadhi ya majaji wa mahakama za chini waliona kuwa adhabu haiendani na kosa, wakajaribu kupunguza makali. Juu yao kulikuwa na Baraza la Dola, Raad van State, ambalo kitengo chake cha mashauri ya utawala ndicho chenye neno la mwisho kwenye kesi za ruzuku. Kwa miaka mingi kitengo hicho kilishikilia kuwa kifungu hakiachi nafasi ya kupima uwiano. Sheria imesema, basi. Katiba ya Uholanzi, kifungu cha 120, inamkataza jaji kupima kama sheria ya Bunge inaendana na katiba, kwa hiyo mlango huo nao ulikuwa umefungwa.

Halafu, tarehe 23 Oktoba 2019, Baraza lilibadili msimamo: idara inaruhusiwa kupima uwiano, na si lazima kudai yote. Maneno ya kifungu yalikuwa yaleyale. Bunge halikuwa limeongeza hata nukta. Kilichobadilika ni macho ya wasomaji, baada ya magazeti, wabunge wachache na wazazi wenyewe kupiga kelele vya kutosha. Maana yake usomaji huu wenye ubinadamu ulikuwepo muda wote ndani ya sheria ileile, na wazazi walioshindwa mwaka 2012 au 2016 wangeweza kushinda. Novemba 2021 mwenyekiti wa kitengo hicho, Bart Jan van Ettekoven, aliomba radhi hadharani. Ni jambo adimu kwa jaji, na ninalihesabu kuwa la heshima.

Lakini kuna kitu kingine kuhusu majaji ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Walihukumu kwa faili walilopewa. Faili halikuwa na alama ya hatari. Halikuwa na kigezo cha uraia. Jaji aliona mzazi asiye na risiti upande mmoja na idara yenye kifungu upande wa pili. Hakujua kwamba mzazi huyu alifika mbele yake kwa sababu mashine iliuliza pasipoti yake. Ubaguzi ulikuwa umeshafanya kazi yake kabla kesi haijafunguliwa, mahali ambapo hakuna hati ya kuupinga. Mtu hukata rufaa dhidi ya uamuzi. Kuchaguliwa ukaguliwe si uamuzi kwa macho ya sheria, hakuna barua yake, hakuna muda wa kukata rufaa. Kwangu hili ndilo pengo kubwa ambalo mifumo ya namna hii imelichimba katika utawala wa sheria, na haliko Uholanzi peke yake.

Wazazi walipoomba mafaili yao waone kilichotokea, wako waliopewa rundo la kurasa zilizopakwa wino mweusi, maandishi yote yamefunikwa. Picha za kurasa hizo zilizunguka nchi nzima.

Ni haki kuongeza kuwa majaji wa nchi hiyohiyo walionyesha pia njia nyingine. Tarehe 5 Februari 2020 mahakama ya The Hague iliusimamisha mfumo mwingine wa serikali, SyRI, uliokuwa ukiunganisha data za idara mbalimbali kutafuta walaghai wa mafao, na uliotumika katika mitaa ya watu maskini. Serikali ilikataa kueleza mfumo unavyopima hatari. Mahakama ikasema: kama hauwezi kukaguliwa, hauwezi kuhesabiwa kuwa unaheshimu maisha binafsi ya watu kama kifungu cha 8 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu kinavyotaka. Mahakama haikusubiri kuthibitishiwa idadi ya walioumizwa. Usiri wenyewe ulitosha. Tofauti ni kwamba kesi ile ilifunguliwa na mashirika ya kiraia yakiushambulia mfumo wenyewe, wakati kesi za ruzuku ziliendeshwa na mzazi mmojammoja akitetea risiti zake.

Walioonya

Hakuna anayeweza kusema hapakuwa na onyo. Wakili Eva González Pérez alizibeba kesi za wazazi wa CAF 11 kwa miaka mingi, akikataa kukubali kuwa mamia ya watu wote ni walaghai kwa mpigo. Machi 2017 Sandra Palmen, mwanasheria wa ndani ya Mamlaka ya Kodi yenyewe, aliandika waraka: idara imetenda vibaya, wazazi hawa walipwe fidia. Waraka ukafungiwa. Umma haukuuona mpaka 2020. Agosti 2017 Reinier van Zutphen, ambaye ofisi yake hupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali, alitoa ripoti kuhusu familia 232 za CAF 11 na kutaka zilipwe. Wabunge Pieter Omtzigt na Renske Leijten waliuliza, wakajibiwa nusu nusu, wakauliza tena. Waandishi wa gazeti la Trouw na wa RTL Nieuws walichimba.

Desemba 2019 naibu waziri Menno Snel alijiuzulu. Tarehe 17 Desemba 2020 kamati ya Bunge iliyoongozwa na Chris van Dam ilitoa ripoti yenye jina linalomaanisha dhuluma isiyo na mfano, ikasema misingi ya utawala wa sheria ilivunjwa na mihimili yote: watendaji, Bunge lililotunga sheria isiyo na nafasi ya huruma, na mahakama. Siku chache baadaye serikali ikaahidi kila mzazi aliyedhulumiwa euro 30,000. Tarehe 15 Januari 2021 baraza zima la mawaziri la Waziri Mkuu Mark Rutte likajiuzulu. Miezi miwili baadaye chama chake kikashinda uchaguzi.

Kushtakiwa kwa jinai hakukuwepo. Wizara ya Fedha ilipeleka malalamiko kwa waendesha mashtaka kuhusu idara yake yenyewe, nao Januari 2021 wakaamua kutofungua uchunguzi wa jinai, kwa kuwa chombo cha dola kina kinga.

Kwa nini linatuhusu

Sheria zetu za Afrika Mashariki, kwa maandishi, ziko vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya kinampa mtu anayeumizwa na hatua ya kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 35, inamlinda mtu asiamuliwe na mashine peke yake katika jambo zito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 nayo inagusa maamuzi ya aina hiyo.

Sasa yaweke maneno hayo mbele ya kisa cha Uholanzi. Kifungu kinachokataza uamuzi wa mashine peke yake kisingemwokoa mzazi hata mmoja wa Toeslagen, kwa kuwa kila uamuzi ulipitia kwa ofisa. Kilichohitajika ni haki ya sababu inayofika mpaka kwenye lile swali la kwanza: kwa nini nilichaguliwa mimi? Ulaya imejaribu kulisogelea. Sheria yake ya akili mnemba, iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024, inaiweka mifumo ya kuamua nani anastahili msaada wa umma kwenye kundi la hatari kubwa, na kifungu chake cha 86 kinampa aliyeathirika haki ya maelezo kuhusu mchango wa mfumo katika uamuzi. Uholanzi yenyewe imefungua daftari la umma ambamo ofisi za serikali huorodhesha mifumo zinayotumia.

Nchini Kenya, tangu Oktoba 2024, kaya zisizo na mshahara wa mwezi huchangia bima ya afya ya SHA asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa kutokana na majibu ya maswali kuhusu hali ya maisha, ikiwemo nyumba wanamoishi. Mchuuzi anajibu, mfumo unatoa namba. Sisemi kuwa mfumo huo unabagua. Nasema kwamba mwanamke aliyetajiwa kiasi asichokiweza ana haki, kwa katiba yake, ya kuuliza kimetokana na jibu lipi, kwa uzito gani, na kuandikiwa jibu na mtu mwenye mamlaka ya kukibadilisha. Mawakili wanaotafuta kesi ya kuanzia waanze na swali hilo, na walielekeze kwa mfumo kabla mteja wao hajafika mahali pa kutetea risiti moja moja.

Uholanzi kazi ya kufidia haijaisha. Euro 30,000 ziligeuka kuwa mwanzo tu, kwa sababu mwenye hasara kubwa zaidi anatakiwa kuieleza, na kuieleza kunahitaji lile faili, ambalo wazazi wengi wamelisubiri kwa miaka. Mwishoni mwa 2024 naibu waziri aliyesimamia fidia alijiuzulu. Aliyeapishwa kushika nafasi hiyo Desemba mwaka huo ni Sandra Palmen, yuleyule aliyeandika waraka wa Machi 2017.